Mkate wa Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu, na naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Leo asubuhi, Mama akiwa bafuni, mtoto alininyooshea mikono nikambeba. Nimekatazwa kumbeba.

Aliyenikataza ni Afisa wa ustawi wa jamii. Alitupa masharti siku ya kutukabidhi mtoto, ofisini kwake. Katika miezi hii ya kuzoeana, anayemlisha ni Mama, anayemwogesha ni Mama, anayembeba ni Mama. "Dada mtu anaruhusiwa kucheka naye," alisema akinitazama, "lakini mtoto akitaka kubebwa, dada mtu anakaa chini." Nikaitikia kwa kichwa. Mbele ya watu wakubwa huwa sina jibu jingine.

Lakini alinyoosha mikono. Huyu mtoto halii. Akianguka anajiinua, akiumia anatazama pale palipouma, basi. Mikono ile ndiyo kitu cha kwanza alichomwomba mtu tangu tumchukue. Ningefanyaje?

Mama alipofungua mlango wa bafuni nilikuwa nimeshamweka chini.

Jumanne, 5 Machi

Niandike tuko wapi, nisije nikasahau. Tuko nchi ya watu, mimi na Mama, mpaka mvua hizi ziishe. Baba amebaki nyumbani kwa sababu ya kazi. Mimi nimemaliza shule juzijuzi, nasubiri matokeo, kwa hiyo nikawa ndiye mtu wa kubeba mabegi. Mama amezika watoto wawili baada yangu, na wa pili alikuwa na jina tayari. Ndiyo maana tumekuja huku kuasili mtoto.

Tumepanga vyumba viwili ghorofani kwa mama mmoja anayefua shuka za nyumba za wageni. Hapa wana lugha yao, lakini Kiswahili kinaeleweka, na mama huyu anakiongea bila kupumua. Tunamwita Mama Shuka, mwenyewe anacheka. Kwa sababu ya mvua anaanika ndani, kwenye ukumbi wote wa juu, hata kwenda chooni unapita katikati ya vitambaa vyenye unyevu vinavyokugusa usoni.

Mtoto anakaribia miaka miwili. Mama anamwita "baba", Mama Shuka anamwita "mume wangu". Mimi namwita Mzee, kwa sababu anakaa ameweka mikono magotini, anaangalia mlango, kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa ofisini na hajaitwa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Shuka hazikauki.

Jumamosi, 9 Machi

Mama alikuwa anatandika kitanda cha Mzee akakuta vipande vya mkate chini ya godoro. Vingine vimeshakuwa vigumu kama mbao. Alikaa palepale kitandani navyo mkononi.

"Anadhani nitamnyima," alisema.

"Labda ni mazoea tu, Mama."

"Mazoea ya nini? Nampa chai, nampa mkate, namwambia kula baba, kuna mwingine. Anachukua kama anamwibia mtu."

Mama Shuka akapita mlangoni na beseni kichwani. "Mume wangu kaamkaje leo?"

"Mume wako kaamka kanuna," Mama akajibu.

"Ndio wanaume wote hao. Mpe chai atachangamka."

Mama akaweka vipande dirishani, akapiga magoti, akafungua mikono. "Njoo kwa mama, baba. Njoo." Mzee alimtazama kwa adabu. Kisha akazunguka miguu yake, akaja kukaa juu ya mguu wangu, akaishika ncha ya mkono wa sweta langu.

"Eh, kumbe kashapata mke mdogo," Mama Shuka akacheka.

Mama hakucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Nitasema ukweli. Ni kila asubuhi sasa. Mama anaoga taratibu, zamani nilikuwa namlalamikia. Akifunga mlango wa bafuni tu, Mzee anakuja na mikono yake juu. Namwinua, anabandika pua kwenye bega langu, anavuta hewa, anatulia. Ana uzito wa ndoo iliyojaa nusu. Maji yakikatika bafuni namshusha, naye haleti ubishi, anarudi kuangalia mlango. Tumekuwa kama wezi wawili wanaoelewana.

Shuleni waliniandikia kila muhula kwamba nijitahidi kuongea. Sina rafiki wa kumwandikia barua. Sijawahi kuwa mtu anayesubiriwa na mwenzake.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Redio ya Mama Shuka inasema mto umepanda.

Jumatano, 20 Machi

Leo tulikwenda kwenye kituo alikolelewa kuchukua kadi yake ya chanjo. Hatukuwahi kuingia ndani. Siku ya kukabidhiwa, aliletwa ofisini kwa Afisa na mama mkuu wa kituo aliyevaa nguo zake za kawaida. Leo Mama aliingia ofisini na mtoto, mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi la nje, karibu na dirisha la bweni la wadogo.

Nilichungulia. Vitanda vya chuma, safi, vimepangwa sawasawa. Sakafu imepigwa deki. Hakukuwa na ubaya wowote wa kusimulia. Walezi walikuwa wanabadilishana zamu: mmoja alikuwa anavua koti lake la kazi, mwingine analivaa. Aliyelivua akatoka bila kuaga. Aliyelivaa akamwinua mtoto aliyekuwa amenyoosha mikono, na mtoto akabandika pua kwenye bega la koti. Hakutazama uso wa mtu hata kidogo.

Makoti yao ni ya kijani.

Sweta langu la shule ni la kijani. Kijani kilekile, cha majani yaliyokomaa. Mama ndiye aliyelifuma kwa mashine yake, kama anavyofumia nusu ya shule za mji wetu, na mimi nimekuja nalo kwa kuwa ndilo pekee zito nililonalo.

Tuliporudi, Mzee alinishika mkono wa sweta kama kawaida. Nikajisikia mjinga. Niliamini amenichagua mimi, kumbe kachagua uzi.

Alhamisi, 21 Machi

Usiku kucha nilifikiri, asubuhi nikaamua. Nilimpa Mama sweta. Nikamweleza habari ya makoti, bila kusema habari ya kumbeba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ananikimbia kwa sababu ya rangi?"

"Nadhani, Mama."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tufike. Akalivaa. Mabegani lilimbana, mikono ikamwishia katikati. "Nililipima kwa mwili wako wa kidato cha pili," alisema akijitazama, "hukukua hata kidogo." Kisha akapiga magoti mlangoni mwa chumba. Mimi nikakaa upande wa pili na blauzi yangu nyeupe, baridi inanipiga.

Mzee akatoka kitandani. Akaliona sweta. Akalisogelea kabisa, akaligusa kifuani, akanusa. Nikasema afadhali. Kisha akainua kichwa akautazama uso wa Mama, muda mrefu, kama anayesoma. Akaliachia. Akageuka, akavuka sakafu yote ile, akanijia mimi na mikono juu.

Sikujua nicheke au nilie. Nilikaa juu ya mikono yangu ili isimchukue. Mama alivua sweta, akalikunja vizuri kama la dukani, akaliweka juu ya begi langu.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Mama hakuamka kunywa chai.

Jumatano, 27 Machi

Afisa amekuja kututembelea. Alivua viatu mlangoni, vimejaa matope, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akawa anatazama tu huku anaongea na Mama habari za hali ya hewa. Mzee alikuwa anakimbia katikati ya shuka. Akateleza kwenye maji, akagonga kidevu, damu ikatoka mdomoni. Mama alikuwa karibu naye, hatua mbili tu, na mikono ameshaifungua. Mzee akapita chini ya mkono wa Mama akaja kwangu.

Afisa aliacha kuongea habari za hali ya hewa.

Alipoinuka kuondoka akasema, "Binti, nisindikize." Chini, karibu na mapipa ya kufulia, alisimama akivaa viatu.

"Unambeba?"

Nilitazama mapipa. "Asubuhi tu," nikasema.

"Sikulaumu. Lakini nisikilize. Mtoto huyu kila aliyemzoea amemaliza zamu yake, akaondoka. Wewe utakwenda chuo, utaolewa, utaondoka. Na hakimu hampi mtoto dada mtu. Anampa mama. Nitarudi mwisho wa Aprili. Nikikuta hivi nilivyoona leo, siwezi kuandika kwamba wamezoeana. Atarudi kituoni."

"Nirudi nyumbani mimi?"

"Ungerudi ingekuwa nafuu kwa wote. Lakini daraja la mpakani limekatika juzi, mabasi hayavuki." Alifunga kamba ya kiatu. "Uko humuhumu ndani, mwanangu. Sijui utafanyaje."

Jumamosi, 30 Machi

Mama alikuwa anaongea na Baba kwa simu kule ukumbini. Hakujua kwamba nipo nyuma ya shuka, nasaidia kuzigeuza.

"Simuwezi," alikuwa anasema. "Sikiliza basi. Namlisha, namwogesha, namwimbia, ananiangalia kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Anasubiri nimalize niondoke. Nimezika wawili, wa tatu huyu yuko hai na hanitaki... Hapana, sina homa. Nasema tumrudishe mapema, kabla hatujamzoea."

Nilibaki nimeshika ncha za shuka, mikono juu, mpaka ikafa ganzi.

Kabla hatujamzoea. Mimi je?

Jumapili, 31 Machi

Nimeanza leo. Mama aliingia bafuni, Mzee akaja. Niligeukia ukuta. Ukuta una mchirizi wa maji ulioshuka toka darini, umeacha alama kama mkono wenye vidole vitatu. Niliutazama mpaka Mama akatoka. Nyuma yangu hakukuwa na sauti yoyote.

Sweta nimelifungia chini kabisa ya begi.

Jumanne, 2 Aprili

Ukuta.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo hakuja mara moja. Alisimama katikati ya chumba akanitazama, kisha akaja na kuushika mguu wa suruali yangu. Nilijikausha. Akauvuta. Nilisema, "Nenda kwa mama," kwa sauti niliyokuwa naisikia kwa walimu wakali. Akauachia kama umemuunguza.

Kumbe na mimi ninayo sauti hiyo.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Mama Shuka kaniuliza mbona nimekonda. Nikasema ni baridi. "Basi vaa lile sweta lako," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili

Nitaandika polepole.

Baada ya chai Mama alikuwa jikoni, kile kichumba kilichopo mwisho wa ukumbi, anaosha vikombe. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeegemea kitanda, nakunja nguo. Mzee aliingia chini ya kitanda chake. Nikasikia anakwaruza kwenye godoro. Akatoka kinyumenyume, matako kwanza, akasimama, akaja mbele yangu. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate. Kimoja. Kilikuwa cha zamani, ncha zake zimekunjamana.

Akaninyooshea.

Huyu ni mtoto ambaye hampi mtu kitu. Anakula akiwa amekizungushia kiwiko chake chakula. Alikuwa ameleta akiba yake. Nadhani katika siku zile zote alikuwa anafikiri, kwa akili yake ndogo, ni nini alichokosa, ni nini angenipa ili nirudi kuwa yule wa mwanzo. Akaona ni hiki.

Alikiweka kwenye goti langu. Sikukigusa. Akakisogeza kwa kidole kimoja, kikapanda kidogo. Sikukigusa. Alipiga magoti ili uso wake uwe chini ya uso wangu, anitazame machoni, na mimi nikafumba macho. Nilisikia pumzi yake ya maziwa. Nilikuwa najiambia, atarudi kituoni, atarudi kituoni, atarudi kwenye makoti. Nikainua goti. Mkate ukaanguka sakafuni.

Nikageukia ukuta.

Na hapo Mzee akalia.

Sikuwahi kumsikia. Ilianza kama kikohozi, kisha ikafunguka, sauti nzito ya mtu mzima, siyo ya mtoto, sauti iliyokuwa imekaa ndani muda wote huo. Ilijaa chumba, ikatoka ukumbini kwenye shuka. Nikasikia kikombe kinavunjika jikoni. Nikasikia miguu ya Mama inakimbia, miguu mitupu kwenye saruji. Hakumwita "njoo". Hakupiga magoti wala kufungua mikono. Alimkwapua toka sakafuni kama mtu anayeokoa kitu motoni, akambana kifuani, mikono yake ikiwa na povu la sabuni, na kusema, "Nini, mwanangu, nini, nini."

Mzee alimsukuma. Alimpiga ngumi za shingoni. Mama hakulegeza. Aliendelea kutembea naye, dirishani, mlangoni, dirishani, na yeye mwenyewe analia, na mara nikaona mkono mdogo umeacha kupiga umeshika kola ya gauni. Akabandika pua kwenye bega. Bega halikuwa la kijani. Lilikuwa limelowa maji ya vyombo.

Walikaa hivyo mpaka akalala.

Mama akaona mkate sakafuni. Akanitazama. Nilitamani anitazame na kuelewa, na papo hapo niliogopa asije akaelewa.

"Alikuwa anakupa?" aliuliza kwa sauti ndogo, asimwamshe.

"Ndiyo."

"Ukamtupia chini?"

Nilichukua nguo nyingine nikaikunja.

"Mtoto anakupa mkate wake, unamgeuzia mgongo. Nilijua una aibu. Sikujua una roho ngumu hivi. Nimekulea hivyo mimi?"

"Hapana, Mama."

"Toka. Niache na mwanangu."

Nilitoka nikasimama katikati ya shuka. Alisema mwanangu. Mara mbili alisema. Lakini ya pili alikuwa ananifukuza nayo mimi. Nikakaa kwenye beseni lililopinduliwa. Mama Shuka alinikuta hapo. Hakufanya utani. Alinipa ncha ya shuka nyingine tukaikunja, tukasogeleana, tukaachana, tukasogeleana.

Jumanne, 9 Aprili

Asubuhi Mama hakuoga. Alihofia kumwacha nami.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Mzee amelia mara nyingi. Sasa amejua kulia, hanyamazi. Mama anambeba.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua imepungua. Mama anaimba jikoni na mtoto mgongoni. Nikiingia, Mzee anaficha uso kwenye mgongo wa Mama.

Ijumaa, 26 Aprili

Afisa amekuja. Alipofika, Mzee alimkimbilia Mama, akapanda mapajani mwake na kumshika sikio. Chai ilipoletwa alimega mkate akamtia Mama mdomoni. Mama aliutafuna mbele ya Afisa huku machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Afisa akaandika. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha mlangoni. Wakati wa kuondoka hakusema nimsindikize. Alinishika bega akapita, mkono wake ukakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko kawaida, basi.

Mama Shuka alimwinua Mzee juu. "Kwa hiyo unaniacha, mume wangu?" Akambusu kidevuni penye kovu. "Nenda. Mama yako kakushinda nguvu."

Jumapili, 5 Mei

Hakimu aliidhinisha juzi, na daraja limetengenezwa. Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka.

Mpakani, askari alimwonyesha Mzee kwa kalamu. "Huyu nani wako?"

"Mwanangu," Mama alisema, kabla hajatoa karatasi yoyote.

"Na huyu?"

"Huyu naye wangu. Mkubwa."

Nimekaa dirishani, Mama katikati, Mzee amelala kwenye mapaja yake, miguu yake upande wa pili mbali na mimi. Kabla ya kulala alinitazama kidogo. Nimeyajua macho yale. Ni yale aliyokuwa akimtazamia Mama, ya adabu, ya kumsubiri mtu amalize aondoke.

"Hakusogelei tena," Mama amesema sasa hivi. "Nawe ulizidi. Sikulaumu sana, ulikuwa peke yako miaka mingi, wivu upo. Lakini utajirekebisha tukifika nyumbani."

"Nitajirekebisha, Mama."

Amenipapasa kichwa. Ana furaha, uso wake umerudi kama ulivyokuwa nilipokuwa mdogo sana. Anaamini mtoto alikuja mwenyewe. Na ni kweli, alikuja mwenyewe. Alikuja kwa sababu kwangu palifungwa.

Ule mkate niliuokota siku ileile, Mama alipopitiwa na usingizi akiwa amemkumbatia. Niliula nimesimama katikati ya shuka. Ulikuwa na ukungu upande mmoja na uliniumiza fizi. Niliumaliza wote, kwa sababu alikuwa amenipa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, sijui ni nani. Pengine ni mimi nikiwa mzee, au mtu tu aliyeokota daftari. Ukimwona Mama, mwambie ana mtoto mzuri. Ukimwona Mzee amekua, usimwambie lolote, muulize tu kama ameshiba. Habari ya ukuta ibaki nami na wewe. Wasijue kamwe, wote wawili. Tafadhali.